Nilivyomfundisha Dada Yangu Kuacha Kuchora

Dada yangu alinizidi miaka minne, na kwa kuchora alinizidi zaidi ya hapo. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Tabora watu wananijua mimi kuwa ndiye mchoraji. Huniletea jamaa zao wanaotaka kujifunza, na husifu uvumilivu wangu. Yeye hawamjui. Kama si mimi, huenda wangemjua.

Tulizaliwa katika kijiji kilichokuwa mwendo wa siku moja kwa miguu, magharibi ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu alikuwa mpagazi, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kwato mpaka siku tuliyomzika. Sisi tulipopata akili, reli ilikuwa imekwisha kuchukua mizigo yote, na njia ile ilibaki ya watu wa kwenda sokoni, wenye baiskeli na padri. Baba alirina asali. Mama alilima mtama na karanga.

Mtama ulipoanza kuiva, mimi na dada tulikaa shambani kutwa nzima kufukuza ndege. Tulijengewa dungu la miti la kukalia, na chini yake kulikuwa na kivuli na udongo laini. Hapo ndipo dada alipochora, kwa kijiti. Hakufundishwa na mtu. Mtu aliyepita njiani asubuhi, mchana alikuwa amechorwa chini ya dungu: mwanamke aliyegombana na mzigo wake wa kuni, mzee aliyetembea kana kwamba ardhi inamuunguza, padri juu ya baiskeli kanzu imejaa upepo. Mikono haikulingana. Vichwa vilikuwa vikubwa mno. Ng'ombe wake walikuwa na macho mawili upande mmoja. Lakini ulimtambua kila mtu, hata jirani aliyepita mbali ulimjua kwa jinsi alivyobeba mabega yake.

Tulicheka mpaka tukawasahau ndege, wakashuka wakala, na jioni tukachapwa.

Alipomaliza kumchora mtu, alimfuta kwa unyayo. Siku moja nilimlilia asimfute padri.

"Kwa nini unamfuta?"

"Nimeshamaliza naye," akasema. "Angalia, yule anakuja na mbuzi. Sogea."

Nyumba yetu ilipokandikwa upya baada ya mvua, ukuta wa mbele ulikuwa wake. Alichanganya masizi, majivu na udongo mwekundu, akachora yaliyotokea mwaka ule. Wanawake waliotoka kisimani walitua mitungi yao kuangalia. Mama alijidai kukasirika kwamba mchicha unaungua, naye alikuwa hapo hapo mlangoni, akiangalia.

Nilipofikisha umri wa kwenda shule, baba alinipeleka mjini kwa wamisheni. Dada alifundishwa katekisimu na herufi kidogo, akarudi kwenye jembe. Hakuna aliyeona jambo hilo la kuzungumzia. Mimi mwenyewe sikuliona.

Tulikuwa na mwalimu wa kuchora. Siku ya kwanza aliweka chupa tupu juu ya meza akasema, "Chora." Tulichora chupa ile muhula mzima. Aliyekosea alipigwa rula kwenye vifundo vya vidole, si kwa hasira, bali kama mtu anayegonga msumari uliochomoza. Alitufundisha kushika penseli mbele ya jicho na kupima. Alitufundisha mstari wa katikati. Alituambia jicho la mtu asiyesoma ni jicho la uongo. Nilifuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, nikaanza upya. Muhula wa pili aliweka ndoo.

Nikawa wa kwanza darasani. Furaha sikuwa nayo, lakini nilikuwa wa kwanza, na wakati ule sikujua kwamba hivyo ni vitu viwili. Mwishoni mwa mwaka wa nne mwalimu alinizawadia karatasi nyeupe kumi, penseli mbili, rula na raba. Nikaenda navyo nyumbani likizo, nimevifunga kifuani ndani ya shati visije vikalowa.

Dada alikuwa amekwisha kuposwa. Alinipokea njiani, akanipokonya mzigo, akasema, "Haya, nionyeshe walichokufundisha."

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu. Aliomba mwenyewe. Alikuwa na hamu kama njaa.

Asubuhi yake nilitoa kigoda nje, nikaweka kibuyu juu yake, nikampa karatasi na penseli. Akacheka.

"Kibuyu? Kimefanya nini?"

"Hakikufanya kitu. Kichore kilivyo."

Akakiangalia, akachora haraka, kwa kuinamisha shingo kama alivyozoea. Kilikuwa kibuyu kilicholewa. Shingo imelegea, tumbo limemwagika upande. Leo ningetoa mengi kukiona. Siku ile nilichukua rula, nikapiga mstari katikati ya mchoro wake, nikamwonyesha kwamba upande wa kushoto umezidi wa kulia.

"Si sawa," nikasema. "Futa."

Akafuta. Hakuwahi kushika raba, akaifurahia kwanza, akaninusisha. Akachora tena. Nikamwambia mdomo wa kibuyu haupo mahali pake. Akafuta. Nikamwambia asishike penseli kama mwiko. Tulikwenda hivyo siku tano, kazi zake za shamba anazimaliza mapema ili aje akae mbele ya kile kibuyu. Siku ya tatu hakuwa akicheka tena. Siku ya nne alianza kuniangalia usoni kila baada ya mstari mmoja, badala ya kukiangalia kibuyu.

Mtu anayeanza akishafika hapo, akiangalia uso wa mwalimu badala ya kitu anachochora, amepotea. Mwambieni aache kwa siku hiyo, aende akanywe uji. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi niliona kwamba anaanza kuwa na adabu ya mwanafunzi.

Siku ya tano jioni nilisimama mbele ya ukuta wake. Mwaka ule alikuwa amemchora baba juu ya mti, nyuki wamemzunguka, na sisi wote chini tunakimbia, mama ameishika sufuria kichwani. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani kuuona. Nilichukua kipande cha mkaa. Nikaweka alama ya kosa kwenye mguu wa baba, kwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko mti. Nikaweka nyingine kwenye mikono ya mama. Nikaweka kwenye nyuki, maana nyuki hawezi kulingana na kichwa cha mtu. Sikumbuki ni alama ngapi. Nilifanya kama mwalimu alivyotufanyia sisi, bila ubaya wowote moyoni.

Mama akatoka. "Mwache dada yako," akaniambia.

"Acha, mama," dada akasema. "Yeye amesoma."

Hakusema kwa kejeli. Kama angekuwa amesema kwa kejeli, mambo yangekuwa afadhali.

Kesho yake nilipoamka alikuwa amekwisha kuchota udongo na kuukandika ukuta wote, ukawa mtupu na mbichi. Nilifurahi. Nilimwambia, "Sasa tunaweza kuanza vizuri." Akanijibu kwamba ana mtama wa kutwanga.

Aliolewa katika kijiji kile kile, kwa mtu mpole wa ukoo wa jirani. Ukuta wa nyumba yake mpya ulikandikwa vizuri sana, laini, bila alama yoyote. Nilipita hapo likizo baada ya likizo na haikunipitia akilini kuuliza.

Shule ilipokwisha nilipata kazi ofisi ya ramani mjini. Kazi yangu ilikuwa kunakili. Ulitandikiwa kitambaa chembamba cha kupenyeza nuru juu ya ramani ya zamani, ukafuata mistari kwa kalamu ya wino, na mkono haukuruhusiwa kutetemeka. Mkono wangu haukutetemeka. Aliyetuongoza alikuwa karani Mgoa, mwenye asili ya Goa huko India, mtu safi, asiyepandisha sauti, na alipenda kuwaambia wageni kwamba mistari yangu haina mpulizo wa pumzi ndani yake. Alikusudia kunisifu.

Malale yalipozidi, serikali iliamua kuwahamisha watu wa porini na kuwakusanya mahali pamoja palipofyekwa, mbung'o wasiwafikie. Sitasema ugonjwa ule ulikuwa uongo. Ulimchukua baba. Alianza kwa kusinzia juu ya chakula, akaishia kututazama bila kutujua. Mama alimfuata mwaka uliofuata, kwa homa tu. Kwa hiyo sikuwa na la kubisha ramani mpya ilipoletwa mezani kwangu, na mstari mnene umepigwa kwa penseli kuanzia kaskazini hadi kusini.

"Magharibi ya mstari usiweke vijiji," karani akaniambia.

"Kuna watu, bwana."

"Wapo mpaka miezi ya kiangazi. Ramani itatoka baada ya hapo."

Kijiji chetu kilikuwa nukta, na jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya. Nilinakili vilima, mito mikavu na njia ya misafara kwa vidoti. Nukta nikairuka. Ilikuwa kazi nyepesi, kwa kuwa kuruka hakuhitaji wino.

Wiki chache baadaye dada alikuja mjini kwa miguu, na kibuyu cha asali. Nilimkuta kibarazani kwangu nilipotoka kazini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mwanangwa ameita kijiji kizima, ametuambia tutahama kabla ya mvua. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ni kwa ajili ya mbung'o."

"Mbung'o nawajua, nimemuuguza baba. Sikuja kubishana." Akanisogezea kibuyu cha asali. "Watabomoa nyumba ili watu wasirudi. Nataka uje uchore nyumba ya mama. Wewe ndiye mchoraji. Watoto wangu wadogo hawataikumbuka."

Niliomba ruhusa ya siku tano, nikapewa. Nikaenda na karatasi nzuri, penseli ngumu na rula. Nikakaa mbele ya nyumba ile siku mbili. Nilipima mlango. Nilipima paa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, pembe zote zimenyooka, hata pale ambapo ukuta wenyewe ulikuwa umeinama kwa uzee. Siku ya pili jioni nikampa.

Aliushika mchoro kwa ncha za vidole asije akauchafua. Akauangalia muda mrefu. Akaiangalia na nyumba yenyewe.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hii ni nyumba ya serikali."

"Kwa nini?"

"Hakuna anayekaa humu."

Nilijaribu usiku huo kichwani na asubuhi yake kwenye karatasi. Nilitaka kumweka mama mlangoni. Nilimjua mama kuliko nilivyomjua mtu yeyote duniani, na sikuweza. Nilianza na mstari wa katikati. Ikatoka chupa yenye kitambaa kichwani. Mkono uliosifiwa mjini haukujua mama alivyokuwa akiegemea.

Nikamwita dada. Nikamwambia, "Chora wewe. Mchore mama, mimi nitauchukua mchoro hivyo hivyo, sitaugusa."

Akaitazama penseli niliyomnyooshea.

"Mimi sijui kuchora," akasema. "Wewe si uliniambia?"

"Nilikosea."

"Hukukosea. Niliangalia mwenyewe baada ya hapo. Kila nilichotaka kuchora, niliona kosa lake kabla sijaanza." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kwa nini hali samaki. Kisha akaenda kufunga kuku wake, maana safari ilikuwa karibu.

Nilirudi mjini kabla hawajahama. Nilisikia baadaye kwamba nyumba zilianguka kwa siku moja, kwamba watu walitembea na milango vichwani kwa sababu mbao zilikuwa adimu huko walikopelekwa, na kwamba dada alikuwa mbele, mwenye mzigo mkubwa kuliko wa mumewe. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye kiti changu, nanakili.

Mchoro wa nyumba alikwenda nao. Mchwa waliula mwaka wa kwanza.

Nilifanya kazi ile miaka mingine mingi. Lakini tangu siku zile nilianza kwenda sokoni jioni na daftari la hesabu, kujaribu kuchora watu. Sijui niseme nini juu ya miaka hiyo ila kwamba niliona aibu. Mtu mzima, mnakili ramani, ninachora muuza dagaa anayefanana na mkungu wa ndizi. Nilichana kurasa. Kisha nikajikataza kuchana. Kisha nikajikataza raba, nikaiacha ofisini kabisa. Nikajikataza kukaa zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa, ili niondoke nikiwa bado natamani. Kidogo kidogo, siku moja katika wiki, mbuzi alitoka kwenye karatasi akiwa na ukorofi wake, miguu yote ikiwa na makosa, na nikajikuta nacheka peke yangu mbele ya wauza tumbaku. Ilinichukua miaka minane kufika pale dada yangu alipokuwa amefika akiwa na umri wa miaka kumi na mbili.

Nilipoacha kazi, watu wakaanza kuja nyumbani kwangu mtaa wa Cheyo Jumamosi alasiri. Wa kwanza alikuwa mkunga wa hospitali, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, aliyesema kwamba ametumia mikono yake maisha yote kwa shida za watu na sasa anataka kuitumia kwa upuuzi. Baadaye akaja karani wa reli, akaja seremala. Wote walitaka kanuni. Wote walitaka kujua kama wana kipaji. Nikawaambia swali hilo waliache mlangoni pamoja na viatu. Nikawaambia wachore kinachowachekesha au wanachokikosa, wachore upesi, michoro mibaya kumi badala ya mmoja mzuri, na wasimwonyeshe mtu aliyesoma mpaka wao wenyewe wamechoka kuipenda. Atakayesema "samahani" kabla ya kuonyesha mchoro wake, nikasema, atachota maji. Mkunga alichota maji Jumamosi mbili, akaacha kusema samahani.

Dada alikuja kunitembelea wakati huo, kwa lori lililoleta karanga mjini. Sasa alikuwa mama mzima mwenye wajukuu, magoti yanamsumbua. Ilikuwa Jumamosi. Nilimpa kiti kibarazani, akakaa, akawatazama. Mkunga alikuwa amemchora mbuzi wa jirani. Mbuzi alikuwa na shingo kama bomba na uso wa diwani. Seremala alicheka mpaka akajifuta machozi, mkunga naye akacheka, akakichukua kipande kingine cha karatasi bila kumwuliza mtu.

Hawakuniangalia usoni hata mara moja. Niliona fahari, na nilitaka dada aone.

Walipoondoka nilimletea chai. Alikuwa bado anaangalia mahali walipokuwa wamekaa.

"Hawa huwasahihishi," akasema.

"Siwasahihishi."

"Yule mama, mbuzi wake alikuwa na kosa kila mahali."

"Ndiyo."

"Na ulikaa kimya."

"Nimejifunza, dada."

Akakizungusha kikombe mikononi. "Umejifunza kwangu," akasema. "Ukaja kuwapa hawa."

Nikamwambia kwamba nilikuwa mtoto. Nikamwambia kwamba nilipigwa rula, kwamba sikujua njia nyingine. Yote hayo ni kweli, na niliyasema haraka, kama mtu aliyeyaandaa.

"Ulikuwa mtoto," akakubali. "Na mimi, nilikuwa mzee?"

Alikunywa chai yake yote kwa sababu ya heshima, akauliza habari za mke wangu aliyekuwa kwao kwenye msiba, akaomba mahali pa kunyoosha miguu. Asubuhi nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Dereva alimsaidia kupanda, naye akanishukuru kwa makaribisho.

Mwezi uliofuata nilisafiri kwenda kwake, huko walikohamishiwa, ambako nilikuwa nimekwenda mara tatu tu kwa miaka yote ile. Nyumba zilipangwa kwa mstari. Nilimpelekea karatasi nzito, nyeupe, za kutosha mwaka mzima, na sanduku la penseli za rangi zilizotoka ng'ambo. Sikusema zilikuwa za nini. Niliziweka mkekani, nikazungumzia mvua. Alizipokea kwa mikono miwili, akazisifu ulaini, akampa mjukuu penseli azitunze.

Nilirudi tena baada ya mavuno. Juu ya dari ya jikoni, mahali penye moshi, kulikuwa na vifurushi vimepangwa vizuri, vimefungwa kwa kamba ya gome. Akashusha kimoja kunionyesha. Ndani yake mlikuwa na mbegu za karanga, zimechaguliwa moja moja.

"Karatasi zako ni nzuri sana," akaniambia. "Mwaka huu wadudu hawakuingia hata kidogo."